Askari Waliochorwa kwa Rula

Fundi hakuwa mtu wa kuchora vita. Alikuwa mtu wa herufi. Kwa miaka thelathini na kitu aliandika majina ya maduka, ya zahanati, ya shule na ya maroli, na mara mojamoja alichora kichwa kilichonyolewa vizuri kwenye ukuta wa kinyozi. Mungu amrehemu, mkono wake ulinyooka kuliko rula aliyoishika. Kabla ya kufungua kopo la rangi alisimama kidogo, akafumba macho, akasema maneno mawili matatu na Muumba wake, ndipo akachovya brashi. Wateja wenye haraka walimtania kwamba anaiombea rangi isimwagike. Yeye alijibu kwamba anamwombea mteja asibadilishe mawazo kibao kikishakauka.

Alikuwa na sheria moja ya kazi, na aliirudia mpaka mkewe akaijua kama sala: kibao kisichosomeka na mtu aliye upande wa pili wa barabara, anayetembea, tena mwenye njaa, si kibao, ni uchafu wa ukuta. Kwa hiyo kila alichochora kilikaa sawa, kilikutazama usoni, na hakikuacha swali. Sabuni ilionekana sabuni. Aliyeshika sabuni alikutazama akicheka.

Sheria hiyo ndiyo iliyomponza.

Chama cha askari wastaafu kilikuwa kimemaliza kujenga ukumbi wake. Ndani palikuwa na ukuta mmoja mrefu usio na dirisha, hatua kumi na nne kutoka kona hadi kona. Mwenyekiti wa chama, sajenti wa zamani ambaye hata mkewe alimwita Afande, alimpeleka Fundi mbele ya ukuta huo na kuupiga kofi kama mtu anayeuza ng'ombe.

"Hapa tunataka mapigano ya darajani," alisema. "Wewe ndiye uliyetuandikia kibao cha getini, na hakuna aliyelalamika. Hawa wenzangu hulalamikia hata jua likichomoza."

Zilikuwa zimebaki wiki nane ukumbi ufunguliwe. Fundi alikubali.

Mapigano hayo aliyajua kwa njia moja tu: ndiyo yaliyommeza mpwa wake, mtoto wa pekee wa dada yake. Ilikuwa imepita yapata miaka tisa. Barua iliyoletwa nyumbani ilisema mto ulikuwa umefurika na mwili haukupatikana. Dada hakupewa hata kaburi la kupalilia. Alipewa barua, na barua haipaliliwi.

Dada ndiye aliyemlea Fundi baada ya mama yao kufariki, na ingawa ndevu za Fundi zilikuwa zimeshaota mvi, bado alimwita "wewe mtoto" mbele za wateja. Habari za ukuta zilipomfikia, alikuja kibandani asubuhi mapema, akafuta vumbi juu ya kopo kubwa la rangi, akalikalia.

"Wewe mtoto, nasikia unachora darajani."

"Ndiyo, dada."

"Basi nichoree mwanangu humo. Wenzangu wana mahali pa kwenda kusimama. Mimi nikitaka kulia nalilia jikoni, na moshi ndio unaosingiziwa. Nataka na mimi mahali pa kwenda kumwona."

"Utamwona, dada."

Maneno yalimtoka kabla hajayapima. Dada aliitikia kwa kichwa, akanyanyuka, akaondoka zake bila hata kunywa maji. Fundi alibaki na brashi mkononi, rangi ikimdondokea kwenye kiatu. Kuandika jina la duka ni kazi. Kumwonyesha mama mtoto wake ni jambo jingine kabisa, na tayari alikuwa ameahidi.

Akaanza kwa njia aliyoijua. Alipiga ukuta msasa, akaupaka rangi ya kwanza, akavuta kamba ya chaki kutoka pembe hadi pembe na kuugawa ukuta wote katika miraba. Daraja likakaa katikati, limenyooka. Mto ukapita chini yake, bluu. Askari wetu kushoto, maadui kulia, safu kwa safu, kila kofia na kivuli chake, kila kifungo mahali pake. Mbele kabisa aliweka mpwa wake ameshika bendera. Uso wake aliutoa kwenye picha ndogo ya kitambulisho, akaukuza mraba kwa mraba. Kwa ufundi, ilikuwa kazi safi. Ungeiona vizuri kutoka upande wa pili wa barabara, kama si ule ukuta wa mbele wa ukumbi.

Wiki ya tano Afande alikuja kuiona, akiwa na wenzake wawili waliokuwa darajani siku ile. Mmoja alikuwa mpishi wa kikosi, mtu mnene mwenye maneno. Mwingine alikuwa dereva, mwembamba, asiyezungumza mpaka aombwe.

Afande alitembea mbele ya ukuta mikono nyuma. "Safi," alisema. "Hii ni kazi."

Mpishi alitazama muda mrefu. Kisha akaanza kucheka tumboni, taratibu, mpaka machozi yakamtoka.

"Fundi, samahani. Hawa wanasubiri posho?"

"Kina nani?"

"Hawa hapa. Wamejipanga vizuri, wamechomekea. Mimi nilikuwa na kiatu kimoja. Na huyu wa bendera, bendera kaitoa wapi? Sisi tulikuwa tunatafuta maji ya kunywa yasiyo na damu."

"Punguza maneno," Afande alimwambia.

"Nimepunguza, Afande. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, simlaumu fundi. Ila hili ni gwaride."

 Dereva alitazama mara moja, akavaa kofia yake, akatoka nje, na walipomfuata walimkuta ameegemea mti wa uani anatazama barabara.

Fundi aliumia, lakini alijifariji kwamba mwenye kazi ameridhika. Wachekaji wapo kila mahali. Akamwita dada yake.

Dada alikuja amevaa nguo zake za ibada. Alisimama mbele ya kijana wa bendera. Fundi alisubiri kilio, au shukrani, au vyote viwili. Dada alimtazama kijana yule kama unavyomtazama mtu anayefanana na unayemjua.

"Huyu ni yule wa kwenye kitambulisho," alisema.

"Ndiyo, dada. Nimemkuza."

"Huyo ninaye nyumbani, kabatini. Sikukuomba unichoree picha niliyonayo." Akamshika mkono, kwa upole, na huo upole ndio uliomkata Fundi maini. "Umejitahidi, mdogo wangu. Mungu akulipe."

Hakumwita "wewe mtoto". Fundi aliona angekuwa na nafuu kama angetukanwa.

Alirudi nyumbani akamweleza mkewe yote, akitarajia kuungwa mkono. Mkewe alikuwa anakunja nguo. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Wifi hajakosea," alisema. "Mimi niliiona juzi nilipokuletea chakula, nikanyamaza. Umemchora mtoto kama anauza sabuni."

"Afande ameipenda."

"Afande hakuzaa pale."

Fundi alikula, akalala. Asubuhi alisali sala ndefu kuliko kawaida, akaenda ukumbini, akachanganya ndoo ya chokaa. Kufikia adhuhuri askari wote, wetu na wao, walikuwa wamefunikwa. Zilibaki wiki tatu tu. Afande alipoingia na kukuta ukuta mweupe alivuta benchi akakaa.

"Fundi. Umefanya nini?"

"Nimefuta gwaride, Afande. Naomba uniletee mashahidi."

Kesho yake Mpishi na Dereva waliletwa, wakakalishwa. Fundi alikuwa na daftari na penseli. Alitaka apate mambo kwa mpangilio: saa ngapi, nani wapi, mto upande gani. Haukupita muda akajuta.

"Kulikuwa na mvua," alisema Mpishi.

"Jua," alisema Dereva.

"Mvua, wewe. Nililowa mpaka kwenye pochi."

"Jua lilinipiga machoni. Sikuona kioo cha mbele. Ningeona, nisingekanyaga nilichokanyaga."

Hilo Mpishi hakulibishia.  Lakini baada ya kitambo wakaanza tena. Mmoja alisema daraja lilivunjika mwanzoni, mwingine akasema lilivunjika mwishoni. Mmoja alisema risasi zilitoka kilimani, mwenzake akamuuliza kilima gani. Fundi alifuta, akaandika, akafuta, mpaka karatasi ikatoboka. Alikuwa mtu wa mistari, na watu hawa walikuwa wakimkatia mistari yake yote.

Hatimaye aliweka daftari chini. Akachukua vipande viwili vya chaki kwenye kopo lake akawapa.

"Msiniambie mapigano," alisema. "Nendeni ukutani. Kila mtu asimame pale alipokuwa, achore alichokiona kwa macho yake mawili. Kingine chochote aache."

"Mimi sijui kuchora," alisema Mpishi.

"Ndiyo vizuri. Mimi ninajua, na umeona nilichofanya."

Walikwenda, mmoja huku na mmoja kule, wakaona haya kama watoto walioitwa ubaoni. Mpishi alichora sufuria. Aliichora kubwa, kubwa kuliko mlango, imelala kifudifudi, na chini yake duara dogo lenye nukta mbili. "Huyo mimi," alisema. "Nilijificha nyuma yake. Siku ile hapakuwa na kitu kingine duniani, ila sufuria." Dereva alichora usukani, na juu yake kioo kilichopasuka, na nyuma ya kioo hakuweka kitu. Alijaza mwanga tu, mistari mikali, mpaka chaki ikaisha.

Fundi alirudi nyuma hatua kumi akatazama. Hakuona mapigano popote. Aliona sufuria kubwa kama nyumba, na kioo kikubwa kama uwanja, na mvua upande huu, na jua upande ule, na katikati hakuna njia ya kutoka hapa kwenda pale. Na hapo ndipo alipoelewa. Hakuna aliyeyaona mapigano. Kila mmoja alishika kigae chake cha chungu kilichovunjika, akadhani ndicho chungu. Kibao kizuri hulishika jicho mkono na kulifikisha linakokwenda. Vita havina pa kulifikisha jicho. Basi na ukuta usiwe na pa kulifikisha.

Akaiweka rula ndani ya mfuko wake, akaanza.

Alichora sufuria ya Mpishi kwa ukubwa uleule wa woga wake. Alichora kioo cha Dereva. Penye mvua aliiacha inyeshe, na penye jua aliacha jua, na mahali vilipokutana aliweka moshi, kwa kuwa moshi hauulizi. Watu walikimbilia daraja na wengine wakalikimbia daraja lilelile. Wengi aliwachora migongo, wengine miguu tu, mmoja mkono tu ukishika hewa. Matope yaliwapaka wote rangi moja hata usijue nani wetu na nani wao. Wengine walikuwa wamelala, na hukuhitaji kuuliza kama wamelala usingizi. Fundi alifanya kazi akisema na Mungu wake chini kwa chini, na mara kadhaa mkewe alipoleta chakula alimkuta amekaa chini ya ngazi, macho mekundu, brashi imekauka.

"Pumzika," alimwambia.

"Sijampata bado."

Kwa sababu hapakuwa na mpwa wake. Mpishi hakumwona siku ile. Dereva hakumwona. Fundi alikataa kumbuni. Alikwisha kumbuni mara moja, na dada yake alimshika mkono kwa upole. Hakutaka kushikwa hivyo tena. Aliacha nafasi upande wa kulia, kwenye kingo za mto, wazi, nyeupe, upana wa mikono miwili iliyonyooshwa. Zilibaki siku sita.

Afande alikuja jioni moja kabla jua halijazama. Tangu ukuta ulipofutwa alikuwa haingii, alikuwa akituma salamu tu. Alisimama mlangoni akatazama sufuria, akatazama kioo, akawatazama waliolala.

"Watoto wa shule watapita hapa," alisema.

"Najua, Afande."

"Wataona maiti."

"Wataona watu waliokufa. Si ndivyo ilivyokuwa?"

 Afande alisogea mpaka kwenye ile nafasi nyeupe.

"Na hapa?"

"Hapo ni pa mwanetu. Sijui alikuwa wapi. Nimemuahidi mama yake atamwona, na sina cha kumwonyesha."

Afande alikaa kwenye ndoo. 

"Mimi nilimwona," alisema.

Fundi alishuka ngazini.

"Sikumwona akifa. Hilo sikuliona, nisikudanganye. Tulikuwa kingoni, amri imetoka, tuvuke. Yule wa redio mikono ilikuwa inamtetemeka, kamba za viatu zimemfunguka, hawezi kuzifunga, na alikuwa na redio ya kilo kadhaa mgongoni. Angeingia kwenye maji na zile kamba angeanguka. Mpwa wako akainama, akaanza kumfungia. Nikawapigia kelele. Nikawatukana, Fundi. Nikasema mnafunga viatu, mnakwenda harusini? Akaniambia, 'Nakuja Afande, hiki kimoja tu.' Nikageuka. Nilipotazama tena palikuwa na moshi."

"Miaka tisa," alisema Fundi.

"Nimwambie nini mama? Mwanao alikufa akifunga kamba za viatu vya mtu? Niliona bora bendera." Afande alijifuta uso kwa kiganja. "Ile bendera yako niliipenda kwa sababu hiyo."

Fundi alimtazama mzee yule, na hasira aliyokuwa akiitafuta ndani yake hakuiona. Alitoa kipande cha chaki mfukoni, akampa. Afande alisimama, akaenda kwenye nafasi nyeupe, na kwa mkono mzito alichora mgongo ulioinama. Mstari mmoja tu, kama upinde. Kisha kiatu.

Fundi aliifuata chaki ile bila kuirekebisha. Kijana aliinama, goti moja kwenye matope, vidole vimeshika kamba. Uso haukuonekana. Ulionekana mgongo, mabega, na kisogo. Mbele yake palisimama miguu ya mtu mwenye redio, kiatu kimoja kimefungwa, kingine bado. Pande zote mbili dunia ilikuwa ikipasuka, na katika ukuta mzima wa hatua kumi na nne, hao wawili tu ndio waliotulia.

Siku moja kabla ya ufunguzi dada alikuja. Fundi hakumwelekeza. Alisimama karibu na mlango pamoja na Afande, ambaye alikuwa amekataa kukaa. Dada alianzia kushoto. Alipita kwenye mvua, akapita kwenye sufuria, na hapo alitabasamu kidogo bila kujua kwa nini. Alisimama mbele ya waliolala, midomo yake ikatikisika kwa sala, mmoja baada ya mwingine, wetu na wao. Akapita kwenye kioo, akafunika macho na kupita haraka. Kisha akafika kingoni, akasimama.

 Hapakuwa na uso. Fundi alikuwa ameahidi "utamwona", na amemchora mtoto aliyewapa watu kisogo.

Dada alinyoosha mkono, akaweka vidole viwili kwenye kile kisogo, rangi ikiwa haijakauka vizuri.

"Hiki," alisema, "nimekiosha miaka saba, kila jioni, akinipigia kelele kwamba sabuni inaingia machoni." Akashusha macho mpaka kwenye kamba. "Anafanya nini?"

Afande alisogea. Alimweleza yote, hata matusi aliyotoa. Hakujitetea. Dada alisikiliza bila kuondoa vidole ukutani.

"Kwa hiyo alikuwa anamfunga mwenzake viatu."

"Ndiyo, mama."

"Na huyu mwenye viatu, alipona?"

Fundi hakuwa amefikiria kuuliza. Katika siku zote zile, akiwa ameichora miguu ile mpaka kwenye tundu za kamba, hakuuliza.

"Alipona," alisema Afande. "Yupo. Anatengeneza majokofu mji wa jirani. Ana watoto watatu. Kila tukizungumza huniuliza kama mama wa mwenzake yuko hai, nami humwambia nitakupeleka. Sijampeleka."

Dada aligeuka. Machozi yalikuwa yanamtiririka na wala hakuwa na moshi wa kuusingizia.

"Afande, wewe ni mtu mzima. Miaka tisa mtu anataka kuja kwangu, unamzuia getini?"

"Nisamehe, mama."

"Mungu ndiye wa kusamehe. Wewe piga simu."

Alipiga hapo hapo, akakosea namba mara mbili.

Ukumbi ulifunguliwa. Wapo waliosema ukuta unatisha, na wapo waliosimama mbele yake mpaka wakafungiwa mlango. Dereva alikuja mara tatu, na mara ya tatu alimleta mkewe akamwonyesha kioo. Mpishi aliwaambia watoto wa shule kwamba ile sufuria ni yake na serikali haijamrudishia. Lakini siku ambayo Fundi aliihesabu kuwa ndiyo ya ufunguzi ilikuwa ya wiki iliyofuata, nyumbani kwa dada, pale lilipoingia jitu la watu, refu, mikono yenye makovu ya waya, likasimama katikati ya sebule.

Dada alimvutia kiti karibu na chake.

"Kaa, mwanangu," alimwambia. "Umechelewa, lakini umefika. Anza pale alipoinama. Alisema nini? Usiruke, sina haraka."

Yule mtu alikaa. Alitazama viatu vyake, akavuta pumzi, akaanza. Fundi alisikiliza kidogo, kisha akanyanyuka polepole, akaenda jikoni kuweka chai, maana palikuwa na mazungumzo marefu mbele, na dada yake, kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa, alikuwa akimsikiliza mtu aliyekuja kutoka kwa mwanawe.